Nafasi ya Mama Skola kwenye Meza ya Dirishani

Nimestaafu kabla ya kuota mvi. Neno hilo la kustaafu nimelichagua mwenyewe, kwa sababu lile walilolitumia wao, kupunguzwa, linanifanya nijione kama punje zilizozidi kwenye debe. Oliva, niliyekaa naye meza moja tangu mwanzo hadi mwisho, anasema najipendekeza. Anasema mtu anayestaafu huagwa kwa soda na hotuba, na sisi tuliagwa na mlinzi aliyetusimamisha getini ili turudishe makoti ya kazi.

Nawaandikia ninyi mabinti mlioko sasa kiwandani Mbinga, mnaolisha mashine ya kuchagua kahawa. Siku ile niliporudi kuchukua sufuria yangu mliniuliza, "Dada Edda, zamani kazi hii mliifanyaje kwa mikono?" Nikawajibu kwa maneno mawili matatu nikaondoka, kwa sababu nilikuwa karibu kulia na sipendi kulia mbele ya watu bila kujiandaa. Jibu lenyewe ni hili. Nimelinakili upya mara nyingi, kila mara kwa sababu ya kosa ambalo huenda msingeliona. Sasa nimerudi kwetu Chiwanda, nawasaidia mama na dada zangu kuanika usipa, dagaa wa ziwa letu, ufukweni, na juzi mama alinikuta natenga wale waliokatika mikia. Akaniambia, "Edda, hao ni usipa. Wote wanaliwa." Ndivyo nilivyo, na mtaona hapa chini kwamba kuwa hivyo kulimgharimu mtu mwingine kabla hakujanigharimu mimi.

Sitasema habari za mishahara wala za vyeo. Nitasema habari za meza moja, ile ya dirishani, na za mama mmoja aliyekuwa na nafasi yake pale, na jinsi bidii yangu ilivyomwondoa.

Nilipanda Mbinga nikiwa nimemaliza darasa la saba tu, bila kuchaguliwa kuendelea. Nilikuwa na shangazi aliyeolewa na Mmatengo karibu na kiwanda. Nilikuwa sijawahi kuugusa mkahawa. Kwetu ziwani tunajua muhogo na samaki, na kahawa niliyoifahamu ilikuwa ile ya unga waliyokunywa mapadre. Kiwanda wakati ule kilikuwa bado cha ushirika, na msimu ulikuwa umechanganya, malori yakishusha kahawa ya maganda kutoka vijijini mfululizo. Ilikuwa ni mwezi wa saba. Baridi ya Mbinga ya mwezi wa saba inaingia kwenye kucha. Shangazi alinipeleka kwa nyapara, Mzee Hyera, aliyekuwa na filimbi shingoni na kofia ya sufu asiyoivua hata kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akaigeuza kama anayenunua viazi.

"Macho?"

"Naona vizuri, mzee."

"Wote husema hivyo," akasema, na akanipeleka meza ya dirishani.

Kwa kuwa meza hizo hamkuzikuta, niwaeleze. Ukumbi ulikuwa mrefu, na upande wa pili wa ukuta zilikuwepo mashine za kukoboa, kiasi kwamba sakafu ilitetemeka siku nzima na ulipofika nyumbani jioni miguu iliendelea kuisikia. Kahawa ikishakobolewa na kutengwa kwa ukubwa wake ililetwa kwetu kwa madebe. Tulikaa kwenye mabenchi, pande mbili za meza. Kila mwanamke alimwagiwa rundo lake. Unalitandaza mbele yako liwe jembamba, punje moja isipande juu ya nyingine, halafu unatoa nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zenye maganda, na zile mbaya kuliko zote, zilizooza ndani huku nje zikiwa karibu sawa na nzuri. Mbovu unaziweka kwenye kopo. Nzuri unazisukuma kwenye sinia. Kengele ikilia, nyapara anapita. Anachukua konzi moja kutoka kila sinia, anaimwaga kwenye kitambaa cheupe, anaangalia. Rundo lako lazima liwe limekwisha na konzi yako lazima iwe safi. Basi. Kazi ni hiyo, na ina uwezo wa kumtoa mtu machozi.

Aliyekaa mkono wangu wa kulia, pembeni kabisa kwenye mwanga, ndiye Mama Skola. Alikuwa mjane wa Namswea, mrefu, mwenye sauti ya chini. Shamba lake la ngoro, lile la mashimo mlimani, aliliacha kwa binti yake kila msimu akaja kupanga chumba karibu na kiwanda. Alikuwa amekaa pale tangu meza zilipokuwa mpya. Hakunikaribisha kwa maneno mengi. Aliangalia kucha zangu akanipa wembe.

"Kata. Na hayo mafuta uliyojipaka usijipake tena ukija huku."

"Ni mafuta ya kawaida, mama."

"Yananukia. Utanusaje zilizooza?"

Oliva, aliyekuwa amekaa mbele yetu, akasema bila kuinua macho, "Mwache, Mama Skola. Huyu Mnyasa. Pua yake imezoea samaki, zilizooza atazionea huruma."

Meza nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nimewahi kusema kwamba nilisamehe maneno yale palepale, lakini ukweli ni kwamba niliyabeba. Jioni nilimwomba Mzee Hyera konzi ya mbovu, akanipa akishangaa, nami nikawa naketi nyuma ya jiko la shangazi nikizivunja kwa meno moja moja na kuzinusa. Shangazi alidhani nimerogwa. Hakuna aliyenifundisha jambo hili. Nilijifunza mwenyewe, kwa hofu, kwamba iliyooza ina harufu ya kitunguu kilichosahauliwa, na kwamba ukiisubiri kidogo kwenye kiganja chenye joto inajifichua yenyewe.

Wiki za kwanza nilikuwa nachelewa. Sikuwa mvivu, nilikuwa narudia. Nilimaliza sehemu ya rundo, nikaanza kuihofia, nikaitandaza upya. Siku moja kengele ilikuwa karibu kulia, na nusu ya rundo langu ilikuwa haijaguswa. Nikaona mkono wa Mama Skola, wote kuanzia kiwiko, unaingia kwenye rundo langu na kuvuta kahawa kwenda kwake. Nikadhani ananinyang'anya kazi. Nikavuta kurudisha. Akavuta tena.

"Mama, hiyo ni yangu."

"Tulia, mtoto."

Alichambua sehemu yangu kwa kasi ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine, na kengele ilipolia, rundo langu na lake yote yalikuwa yamekwisha. Mzee Hyera alipita, akaangalia konzi, akaenda zake. Alijua. Manyapara wote wa zamani walijua na waliangalia pembeni.

"Hapa tunasogeza," Mama Skola akaniambia wakati wa chakula. "Aliyemaliza anavuta kwa jirani yake. Leo umezidiwa wewe, kesho Oliva na tumbo lake."

"Tumbo langu limefanya nini?" Oliva akasema.

"Halijafanya. Litafanya."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna ya kazi pale. Rundo lilikuwa la mtu kwa macho ya ofisi tu. Mwenye mtoto mgonjwa, mwenye homa, aliyefiwa, alikaa mahali pake akachezesha vidole, na mikono ya jirani ikafanya kazi. Mwaka wangu wa pili nilishikwa na malaria kali, na kwa siku nyingi nilikaa pale nikitetemeka huku rundo langu likiyeyuka kulia na kushoto. Hakuna aliyenidai shukrani. Oliva alisema tu kwamba napendeza zaidi nikiwa siwezi kuongea.

Nilipopona nilikuwa mtu mwingine. Nilitaka kuwa bora kuliko wote. Sijui kwa nini wengine wakisaidiwa hutulia na mimi nikisaidiwa huona aibu, lakini ndivyo ilivyo. Ukumbini kulikuwa na kidirisha cha kioo, na nyuma yake chumba cha kuonjea, ambako wanaume wawili waliovaa makoti meupe walivuta kahawa kutoka kwenye kijiko kwa sauti kubwa, wakaitema, wakaandika. Wanawake wenzangu waliwacheka kwa kuvuta vile. Mimi nilikitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kutaka mume. Nilianza kufika kabla ya mlinzi kufungua. Nilimaliza rundo langu nikaomba lingine. Mzee Hyera nilipomuuliza kama mchambuaji anaweza kufundishwa kuonja, alivuta kofia yake chini na kusema, "Binti, mchambuaji ni mchambuaji." Nikamwitikia, "Ndiyo, mzee," na kesho yake nikafika mapema zaidi.

Ndipo mambo ya biashara yalipobadilika. Redioni walisema soko limeachiwa na kila mwenye mtaji anaruhusiwa kununua. Tulichoona sisi ni kwamba malori yaliongezeka barabarani na magunia yakapungua ghalani kwetu. Wanunuzi walikwenda mpaka uani kwa mkulima wakachukua kahawa mbichi, nyevu, iliyochanganyika. Ile iliyofika kwetu ilikuwa na zilizooza nyingi kuliko zamani. Ushirika ukayumba, na baada ya msimu mmoja wa kukaa bila kujua kama tutaitwa, kampuni ikakodi kiwanda. Tukaitwa, lakini siyo wote, na aliyetuita alikuwa meneja mpya, kijana wa mjini mwenye adabu, aliyeitikia salamu za kila mtu na kukumbuka majina. Nasema hivyo kwa sababu mngependa awe mtu mbaya. Hakuwa.

Katika msimu ule wa kukaa, macho ya Mama Skola yalikuwa yameingia ukungu. Aliporudi mezani niliona anatandaza rundo lake na kuinamisha kichwa upande, kama kuku anayesikiliza. Zilizovunjika alizikamata kwa vidole, zilizotobolewa pia. Nyeusi hakuziona. Vidole havijui rangi. Nilimtazama akipeleka nyeusi tatu kwenye sinia mfululizo, taratibu, kwa uangalifu mkubwa.

Meza ilianza tu kusogeza. Oliva alivuta kutoka mbele, mimi kutoka kushoto, na tuliporudisha tulirudisha iliyo safi, halafu mmoja wetu alipitisha mkono kwenye sinia lake kabla ya kengele na kutoa zilizopita. Mama Skola alijua. Alikuwa akisema tu, "Leo mwanga si mzuri," hata jua likiwa linachoma mezani, nasi tukisema, "Kweli, mama, si mzuri." Nyumbani Namswea mazao yalikuwa madogo na binti yake alikuwa na watoto wengi. Bila nafasi ile hakuwa na kitu kingine. Hilo sote tulilijua vilevile bila kulisema.

Meneja aliniona kwa sababu nilijitahidi anione. Siku moja alisimama karibu na sinia ambalo nyapara alikwishalipitisha, nami nikanyoosha mkono nikatoa punje moja, nikaivunja, nikampa anuse. Akanusa. Akaniangalia.

"Umejuaje?"

"Kwa rangi yake kidogo, na kwa harufu."

"Nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha."

"Mtu kama wewe hakai hapa," akasema. "Tutaongea habari za chumba kile." Akaonyesha kidirisha kwa kidevu.

Oliva aliponiona nimerudi kwenye benchi alisema, "Mnyasa amepata mchumba."

"Acha hizo."

"Siyo meneja. Namaanisha kile kioo."

Wiki chache baadaye meneja alitukusanya. Alisema kwa upole kwamba kahawa ni chache na meza zitapunguzwa. Hakutaka kumwonea mtu, alisema, kwa hiyo atatafuta kipimo. Mchambuaji mmoja mzuri atafanya rundo lake peke yake mbele yake, na kazi ya huyo ndiyo itakuwa kipimo. Halafu kila mmoja atafanya lake, bila kusaidiwa, na watakaobaki mbali na kipimo watapumzika. Akataja jina langu. Wanawake wote wa ukumbi ule waligeuka kuniangalia, na naona haya kusema kwamba kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha.

Wakati wa chakula hakuna aliyekula vizuri.

"Kesho uwe mgonjwa kidogo," Oliva akaniambia.

"Ugonjwa gani?"

"Uvivu. Njoo nikuambukize sasa hivi, nina mwingi."

Wengine wakacheka, kisha wakaacha. Oliva akaacha utani. "Edda, nenda polepole. Acha mbovu chache zipite. Akikupima wewe kwa kasi yako ya kila siku, huyu hafiki." Hakumwonyesha Mama Skola kwa mkono. Hakukuwa na haja.

"Nitakwenda polepole," nikasema.

"Sema tena."

"Nitakwenda polepole. Naapa."

Mama Skola alikuwa anamenya kiazi. "Msimwapishe mtoto," akasema. "Edda, fanya kama ulivyofanya ulipofika. Ulikuwa unatambaa kama konokono."

Nilikuwa na nia ya kutimiza. Naandika hivi nikijua kwamba nia haipimwi na mtu. Asubuhi ile meneja aliweka kiti karibu na meza yetu, Mzee Hyera akasimama nyuma yake, rundo likamwagwa. Nilitandaza polepole. Niliangalia nje. Nilichukua mbovu moja nikaigeuza kama nisiyeijua. Kisha nikafanya kile ambacho sikuwahi kukifanya kwa makusudi: nikaiacha nyeusi moja ipite kwenye sinia.

Nilisikia mwili mzima unawasha. Niliona ile nyeusi pale juu ya nzuri, ikaonekana kubwa kuliko sinia lenyewe. Meneja aliinama, akaichukua kwa vidole viwili, akaiweka mezani mbele yangu. Hakukaripia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyekosea njia, "Nilidhani ni wewe."

Basi hapo nikaanza kufanya kazi.

Sikumbuki mengi. Nakumbuka mikono yangu, na nakumbuka kwamba sikuinua macho kwa sababu nilijua macho ya Oliva yako wapi. Nilitoa kila nyeusi, kila iliyovunjika, nilinusa na kutoa zilizooza ambazo meneja asingezigundua kamwe. Nilimaliza kabla chai haijaletwa. Alichukua konzi, akaimwaga kwenye kitambaa, akaipekua kwa kalamu, na hakukuwa na hata moja. Akamgeukia Mzee Hyera.

"Hiki ndicho kipimo."

"Bwana, huyu ni mmoja," Mzee Hyera akasema. "Wengine ni watu."

Meneja akatabasamu akidhani ni mzaha.

Zamu ya meza yetu ilikuja siku iliyofuata. Sote tulimwagiwa marundo, meneja akatembea kati ya mabenchi mikono ikiwa nyuma. Nilimaliza langu mapema kama kawaida. Rundo la Mama Skola lilikuwa pale kulia kwangu, umbali wa kiganja. Alikuwa ameinamisha kichwa. Vidole vyake vilikwenda vizuri sana, kwa mpangilio, na nyuma yao nyeusi ziliteleza moja baada ya nyingine kuelekea kwenye sinia. Meneja alikuwa upande wa pili wa ukumbi, ametupa mgongo. Kilichotakiwa ni kiwiko changu kuingia na kuvuta, jambo nililokuwa nimelifanya mara nyingi kuliko nilivyosali. Oliva aliniangalia. Hakuweza kufika kwa Mama Skola, kwa kuwa siku ile tulikuwa tumetenganishwa ili tusifikiane, isipokuwa mimi na Mama Skola tuliokaa pembeni.

Niliweka mkono juu ya meza. Niliuacha hapo. Nilikuwa nafikiri juu ya kijiko cha kuonjea.

Mama Skola alingoja. Nina hakika alingoja, maana vidole vyake vilisimama kwa muda, na uso wake ukageuka kidogo upande wangu. Kisha akaendelea peke yake mpaka kengele.

Mzee Hyera ndiye aliyepewa kazi ya kusoma majina. Alisoma kofia ikiwa mkononi, na tukaona kwa mara ya kwanza kwamba ana kipara. Jina la Mama Skola alilisoma katikati ya mengine, haraka, kama mtu anayekanyaga kaa la moto. Mama Skola alisimama, akakunja kitambaa chake cha kichwa akakifunga upya vizuri. Kisha akapapasa benchi.

"Edda."

"Naam, mama."

"Hamia hapa pembeni. Mwanga wa hapa ni mzuri. Nilikuwa naona unavyoutamani."

Akatoka na wenzake. Nikahamia. Mtaniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza pia. Nadhani ni kwa sababu aliniambia nihamie, na mimi siku zote nimefanya nilichoambiwa na wakubwa kwa ukamilifu.

Nilisema sitazungumzia vyeo, kwa hiyo nitasema tu kwamba baada ya Mzee Hyera kupumzishwa nilipewa filimbi. Meza zikabaki chache. Kusogeza kukaisha. Hakuna aliyekataza, ila kila mwanamke alianza kulizungushia rundo lake mkono kama mtoto anayeficha jibu darasani. Mwenye homa alikaa nyumbani, na aliyekaa nyumbani mara mbili hakuitwa tena. Nilipita na kitambaa changu cheupe, konzi zikawa safi kuliko zilivyowahi kuwa, na ukumbi ukawa kimya kiasi kwamba ulisikia punje zikigonga kopo. Oliva alinijibu, "Ndiyo, Bi Nyapara," kwa kila kitu. Nilimwambia aniite Mnyasa kama zamani. Akasema, "Ndiyo, Bi Nyapara."

Chumba cha kioo niliingia. Nilifundishwa kuvunja ukoko wa unga juu ya kikombe kwa mgongo wa kijiko huku pua ikiwa karibu, na kuvuta kwa nguvu ili kahawa isambae mdomoni kote. Nilijifunza upesi. Nilitambua kikombe chenye punje moja iliyooza kati ya vikombe vingi, na waonjaji walinishangaa. Halafu kampuni ikaona ni nafuu sampuli zote zipelekwe Moshi, na chumba kikafungwa, kikawekwa ndoo na mafagio. Nilikuwa nimeonja kwa sehemu ya msimu mmoja.

Mashine ikaja msimu uliofuata. Ninyi mnaijua kuliko mimi. Fundi aliyeifunga aliomba apewe mchambuaji mzuri wa kumwonyesha mbovu zote ni zipi, ili arekebishe taa za mashine zizitambue. Nilipelekwa mimi. Nilimpangia kwa uangalifu, kila aina kwenye kisahani chake, na alinisifu. Ilipowashwa ilirusha mbovu pembeni kwa pumzi ya hewa, haraka mno, na nilisimama pale nikitafuta kosa kwenye konzi, nikatafuta sana. Kabla ya mwisho wa mwezi meza zilitolewa nje na sote tukaambiwa tulete makoti.

Kabla ya kushuka ziwani nilikwenda Namswea. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nikiyasahihisha. Nilimkuta Mama Skola ameketi mbele ya nyumba, juani, binti yake akipukuchua mahindi kando yake. Macho yote mawili yalikuwa meupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Edda."

Aligeuza uso upande wangu, akanusa. "Mnyasa. Kaa. Umeacha kujipaka yale mafuta."

Nikakaa. Akaniuliza habari za shangazi, za Oliva, za Mzee Hyera. Akauliza nani anakaa pembeni sasa, kwenye mwanga.

"Hakuna, mama. Meza zimetolewa. Wameleta mashine."

"Mashine ya kuchambua?"

"Ndiyo."

"Inaacha nyeusi?"

"Haiachi."

"Hata zilizooza inazijua?"

"Inazijua. Mimi ndiye niliyewaonyesha."

"Inachoka?"

"Haichoki."

"Jirani yake akizidiwa inasogeza?"

"Haisogezi, mama."

Akatikisa kichwa polepole, bila hasira, kama mtu aliyepewa punje mkononi na kuitambua.

"Basi wametengeneza wewe mwingine," akasema.

Binti yake aliacha kupukuchua. Yale maneno yangu niliyoyapanga yalikuwepo yote, hakuna hata moja lililokuwa limepotea, na niliyatazama moja moja nikaona hakuna linalofaa kutolewa. Mama Skola alimwambia binti yake anawishe mgeni mikono, chakula kiko tayari. Nilinawa. Nikala mpaka sahani ikawa safi.